Siku niliyompeleka mama Champagney

Mama alikuja kwangu Mulhouse, huku Ufaransa, kwa ajili ya arobaini ya mtoto. Viza yake ilikuwa ya miezi mitatu, na wiki sita za mwanzo hakutoka nje zaidi ya kwenda duka la mtaa wa pili na kurudi, yaani alikuja kulea na akalea kweli, uji wa pilipili manga kila asubuhi, mtoto anakandwa na mafuta ya nazi aliyoyabeba mwenyewe kutoka Kilwa Kivinje, usiku anambeba yeye ili mimi nipate usingizi. Arobaini ilipopita nikasema sasa na yeye lazima aone nchi kidogo. Baba watoto akataka twende Strasbourg akaone lile kanisa kubwa. Nikamwambia hapana, kuna kijiji kimoja nakitamani tangu mwaka wa kwanza nilipofika huku, nimesoma habari zake mpaka nimezikariri, na kila nikipanga kwenda peke yangu nasita, naona nitakuwa sijakitendea haki. Nataka niende na mtu wa Kilwa.

Kijiji chenyewe kinaitwa Champagney. Kipo Haute-Saône, mashariki ya Ufaransa, chini ya milima ya Vosges, jirani na mji wa Belfort. Wakazi hawafiki 4,000. Kutoka kwetu ni kama saa moja kwa gari, na kama huna gari treni zipo, kijiji kina stesheni yake.

Tulipita kwanza Ronchamp, kijiji cha jirani kabisa, kwa sababu baba watoto anapenda majengo na kule juu ya kilima kuna kile kikanisa alichojenga msanifu majengo Le Corbusier mwaka 1955, kinaitwa Notre-Dame du Haut. Kilichokuwepo zamani kilibomolewa na mabomu ya vita mwaka 1944, basi mawe ya kile cha zamani yakatumika humo humo ndani ya kuta mpya. Paa lake nene limejikunja, inasemekana Le Corbusier alilitoa wazo kwenye gamba la kaa. Mama akaliangalia sana lile paa, akasema kweli, kaa. Mwaka 2016 kikaingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, kwa hiyo mabasi ya wageni yanapanda kila siku. Ni pazuri, sikatai, mwanga unaingia kwenye vile vidirisha vya rangi mpaka unaongea kwa kunong'ona bila kuambiwa. Ila mimi akili yangu ilikuwa bondeni.

Tukashuka. Champagney ukifika hutaona kitu cha kukushtua. Nyumba za mawe, paa za vigae, kuni zimepangwa ukutani kwa ustadi mpaka unahisi kuna mtu alipima kila kipande, msitu unaanzia pale bustani zinapoishia. Maeneo haya yalikuwa ya makaa ya mawe, yalichimbwa tangu karne ya 18 mpaka migodi ikafungwa mwaka 1958, shimo moja lilishuka zaidi ya mita 1,000 chini ya ardhi, na walikuja Wapolandi kufanya kazi humo. Kuna na ziwa kubwa la kutengenezwa, lilichimbwa ili kulisha mfereji wa meli. Sasa hivi watu wanazunguka pale na baiskeli.

Ilikuwa Jumamosi mchana na barabara tupu. Mama akauliza, "Mwanangu, watu wa hapa wako wapi?" Nikamwambia wanakula, mama, saa sita mpaka saa nane Mfaransa yupo mezani. Akapita bibi mmoja na mbwa wake akasema bonjour, mama akamwitikia "marhaba", na yule bibi akatabasamu kama vile ameelewa.

Kilichomsimamisha mama kwanza ni mnara wa mashujaa. Kila kijiji cha Ufaransa karibu kina mnara wake wa waliokufa vita ya 1914 hadi 1918, jiwe lina majina kuanzia juu mpaka chini. Mama hajui Kifaransa lakini herufi anazijua, akawa anasoma majina kwa kidole, akakuta ukoo mmoja unajirudia, akauliza hawa ni ndugu? Nikamwambia inawezekana, ndugu au binamu. Akanyamaza. Kisha akasema, "Wameandikwa wote. Hata kijiji kidogo hivi, wameandikwa wote." Sikumjibu, nilikuwa natikisa mtoto asiamke, lakini lile neno nililibeba siku nzima.

Sasa niwaambie kwa nini Champagney.

Mwanzoni mwa mwaka 1789 mfalme Louis wa 16 alikuwa ameishiwa hela, akaitisha mkutano mkuu wa taifa, na kila kijiji kikaambiwa kiandike daftari la malalamiko yake lipelekwe mbele. Yaliandikwa madaftari kama 60,000 Ufaransa nzima. Fikiria hali yenyewe, baridi ya mwaka ule ilikuwa kali kupita kiasi, mavuno yaliyotangulia yalikuwa mabaya, mkate ghali. Watu waliandika yanayowauma, kodi, ushuru wa chumvi, misitu waliyokatazwa kukata kuni, mabwana wanaodai siku za kazi. Na huku Franche-Comté, ndio mkoa wenyewe wa Champagney, kulikuwa bado na wakulima walio chini ya sheria ya zamani, mtu akifa bila mtoto anayeishi naye nyumba moja, mali yake inachukuliwa na bwana wa ardhi. Kwa hiyo hawa hawakuwa watu wa raha.

Tarehe 19 Machi 1789 watu wa Champagney wakakutana wakaandika la kwao. Na kwenye kifungu cha 29, katikati ya shida zao zote hizo, wakaandika habari ya watumwa weusi kwenye makoloni. Wakulima. Mbali na bahari, hawana meli, hawana shamba la miwa, wengi hawajawahi kumwona mtu mweusi kwa macho yao.

Sasa walimjulia wapi? Simulizi ya pale inasema alikuwepo mtu wa kijijini anaitwa Jacques-Antoine Priqueler, askari wa walinzi wa mfalme, aliyezisikia habari za utumwa huko alikokuwa, akarudi nazo nyumbani. Na ndani ya kanisa lao, la Mtakatifu Laurent, kulikuwa na picha ya wale wafalme watatu waliokuja kumwona Yesu mchanga, mmoja wao, Balthazar, ni mweusi. Basi wanasema Priqueler aliwaonyesha ile picha akawaambia, ni mtu kama huyu. Picha ipo mpaka leo.

Mama ni Mwislamu wa kuswali swala tano, nikamuuliza kama ataona vibaya kuingia kanisani. Akasema, "Hii ni nyumba ya Mungu, nitaingia na adabu yangu." Akajitanda vizuri mtandio, tukaingia. Ndani baridi na harufu ya nta. Tukasimama mbele ya ile picha, mama na mjukuu wake kifuani amefungwa kwa kanga, mimi, baba watoto nyuma yetu. Yule mfalme mweusi amesimama na wenzake kama aliye sawa nao, hakupiga magoti kwa ajili ya mtu mwingine yeyote isipokuwa mtoto. Mama akasema tu, "Amevaa vizuri." Nikaona machozi yananijia kwa kitu kidogo kama hicho, kwamba mkulima wa hapa kila Jumapili alikuwa anamwona mtu mweusi aliyevaa vizuri.

Hatua chache kutoka hapo kuna jumba la makumbusho, Nyumba ya Negritude na Haki za Binadamu. Lilianzishwa mwaka 1971 na mwenyeji wa pale, René Simonin, na rais wa Senegal, Léopold Sédar Senghor, akakubali kuwa mlezi wake, ndio maana hilo neno la negritude, yaani mtu mweusi kujivunia weusi wake na utamaduni wake, neno alilolitangaza yeye na wenzake, limekaa mlangoni. Ni nyumba ndogo, ukitegemea makumbusho ya Paris utashangaa. Lakini kile kifungu cha 29 kipo, na mimi nilikaa nikamtafsiria mama neno kwa neno, kwa sauti ya chini, na hapa naweka kama nilivyomwambia:

"Wakazi na jumuiya ya Champagney hawawezi kuyafikiria mateso wanayoyapata watu weusi kwenye makoloni bila mioyo yao kuchomwa na uchungu mkali kabisa, wakiwaona binadamu wenzao, waliofungamana nao pia kwa kamba mbili za dini, wanatendewa vibaya kuliko wanyama wa mizigo."

Mama akanikatiza, "Dini gani? Watu wetu hawakuwa Wakristo." Ni swali la haki kabisa. Nikamweleza kwamba sheria ya Ufaransa ya watumwa, ya mwaka 1685, iliamuru watumwa wote wabatizwe, hakuna aliyewauliza. Akatikisa kichwa, akasema endelea.

Nikaendelea. Wanasema hawaamini kama mtu angeweza kutumia mazao ya makoloni, yaani sukari, kahawa, angekaa chini akafikiri kwamba yamenyweshwa damu ya wenzake. Na wanaogopa, na wanasema wana sababu ya kuogopa, kwamba vizazi vijavyo vyenye mwanga zaidi vitakuja kuwashutumu Wafaransa wa karne ile kuwa walikuwa wala watu.

Hapo mama akanishika mkono. "Wala watu? Wameandika hivyo wenyewe?" Nikamwambia wenyewe, mama. Akasema, "Mumiani." Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa, sisi tumekua tunatishwa na mumiani, mtu anayekuja usiku kunyonya damu ya watu akaiuze, wazee walituambia usimfuate mgeni. Wataalamu wameandika mengi kuhusu hofu hiyo. Lakini mimi sikuwahi kuiweka pamoja na sukari mpaka mama alipolitamka lile neno pale, mbele ya karatasi ya wakulima wa Ufaransa ambao mwaka 1789 walijiona na wao wamo kwenye kundi la wanaokunywa.

Kuna kitu lazima niseme ili nisiwapambe kupita ukweli wao. Mwisho wa kifungu hawasemi watu warudishwe makwao. Wanamwomba mfalme atafute njia ya kuwafanya watumwa hao wawe raia wenye faida kwa ufalme na nchi. Ndio walivyofikiri, ndivyo walivyoweza. Na mfalme hakuwafanyia chochote. Utumwa ulifutwa na mapinduzi tarehe 4 Februari 1794, Napoleon akaurudisha mwaka 1802, ukafutwa tena 27 Aprili 1848. Hesabu mwenyewe, kutoka 1789 mpaka 1848, mjukuu wa aliyeandika lile daftari alishakuwa mtu mzima.

Sasa Kilwa inaingiaje. Watu wengi wakisikia utumwa wa Wafaransa akili inaenda kisiwa cha Gorée kule Senegal, inaenda Haiti. Lakini tarehe 14 Septemba 1776, miaka 12 na nusu tu kabla ya daftari la Champagney, Mfaransa mmoja anaitwa Jean-Vincent Morice aliwekeana mkataba na sultani wa Kilwa. Sultani anaahidi kumpa watumwa 1,000 kila mwaka, bei piastre 20, sarafu za fedha za wakati ule, kwa kichwa, na juu yake piastre 2 kwa kila mtumwa ziwe zawadi ya sultani mwenyewe. Mkataba wa miaka 100. Na akampa ngome aweke mizinga na bendera yake. Watu hao walikuwa wanapelekwa Île de France, ndiyo Mauritius ya leo, na Bourbon, ndiyo Réunion, wakalime mashamba ya Wafaransa, na meli nyingine za Kifaransa ziliwazungusha watu wa pwani yetu mpaka Saint-Domingue, Haiti ya leo. Hao ndio "watu weusi kwenye makoloni". Siyo wote, lakini wamo. Wamakua wamo, Wayao wamo, watu wa Ziwa Nyasa wamo.

Nimesoma shule Kilwa. Nimepelekwa Kilwa Kisiwani na darasa zima, tumepanda mashua, tumeonyeshwa msikiti mkuu na Husuni Kubwa, tumeambiwa dhahabu ya Sofala na Ibn Battuta na UNESCO mwaka 1981, tukaimba, tukarudi. Habari ya Morice na zile piastre 2 nilikuja kuisoma huku nikiwa na miaka 29. Hili linaniuma na sitalificha. Aliyenunua ni Mfaransa na aliyeuza ni sultani wetu, kila mtu sahihi yake ipo, na waliouzwa wameandikwa namba tu. 1,000.

Mama haya yote alikuwa hajayasikia. Alinisikiliza amesimama, mtoto amelala kifuani, mpaka mwisho, na hakusema kitu.

Tukaingia sehemu wametengeneza tumbo la meli ya watumwa, la mbao, giza, dari fupi. Baba watoto aliingia akatoka haraka. Mama hakutoka. Babu yangu mzaa mama alikuwa nahodha wa jahazi, alikuwa anabeba boriti na chumvi, mama amekulia kwenye vyombo. Akagusa ile mbao ya juu akasema, "Hii ndiyo ngama." Kwetu ngama ni tumbo la chombo, ndiko kunakotuama maji machafu, ndiko mzigo unalala. Akasema baba yake alikuwa hamruhusu mtoto kushuka ngamani hata kwa mchezo, na alipouliza kwa nini alijibiwa kuwa huko siyo mahali pa watu. Alidhani ni sababu ya hewa. "Sasa sijui," akasema.

Tukatoka tukakaa kwenye benchi. Nilimpa chai ya kwenye chupa, na pale ndio mama akaniambia jambo ambalo kwa miaka 34 ya maisha yangu hakuwahi kunitamkia. Kwamba nyanya yake, yaani bibi yake mama, alikuwa na mama aliyeletwa Kivinje kutoka Nyasa, akiwa msichana, kwa miguu, kwenye msafara. Kivinje ilikuwa ndio mwisho wa ile njia, hilo kila mtu anajua. Aliingizwa kwenye nyumba ya watu, akazaa na mwenye nyumba, mtoto akawa huru, ukoo ukaendelea kwa jina la baba. Na yule bibi hatajwi. Kwenye hitima zetu tunasomewa majina ya marehemu mpaka nyuma kabisa, na yeye hayumo. Mama alijua jina lake kwa sababu bibi yake alimnong'oneza siku moja wakiwa wanatwanga, akamwambia usilitamke mbele za watu, watasema sisi ni watumwa.

Ukikulia pwani unalijua hili. Mtu anaweza kukwambia ukoo wake mpaka Shirazi, mpaka Hadhramaut, vizazi kumi, lakini mama wa bibi yake kule upande wa Nyasa kimya. Sisi wa Kivinje tunakaa juu ya mwisho wa njia ya misafara na kila nyumba imetoka Uarabuni. Haiwezekani. Na siwalaumu wazee, tusi la "mtumwa" limevunja ndoa mbele ya macho yangu. Lakini nilipokuwa nimekaa pale kwenye lile benchi niliona hasira, kwamba wakulima wa Champagney walithubutu kuyasema maumivu ya bibi yangu na sisi wajukuu zake tulikuwa tunaona aibu kulitaja jina lake kwenye dua.

Baba watoto akataka kuwahi, alikuwa amepanga tupite mgahawa mmoja tule cancoillotte, ile jibini yao ya mkoa, ni laini kama uji mzito, wanamwagia juu ya viazi vya moto. Pia alisema safari nyingine tutafuata ile njia yote, maana Champagney ni kituo kimoja tu kwenye njia ya kumbukumbu za kufutwa utumwa, kuna na Fessenheim upande wa Alsace kwenye nyumba ya ukoo wa Victor Schœlcher, aliyesukuma sheria ya 1848, na kuna ile ngome ya Joux karibu na Pontarlier, alikofungwa Toussaint Louverture, kiongozi wa watumwa walioasi Haiti, na kufia humo tarehe 7 Aprili 1803, mtu wa kisiwa cha joto amefia kwenye baridi ya mlimani. Nikamwambia sawa, tutaenda. Mama akasema subirini kwanza, narudi ndani.

Nikamfuata. Pale mapokezi kuna kitabu cha wageni, mama alikuwa amekiona wakati tunatoka. Akamwonyesha kwa ishara yule dada wa mapokezi kwamba anataka kalamu. Mama kusoma alijifunza chuoni kabla ya shule, na mpaka leo jambo zito analiandika kwa herufi za Kiarabu, barua za misiba, hesabu za mahari, anaandika Kiswahili hicho hicho lakini kutoka kulia kwenda kushoto. Akanikabidhi mtoto. Akainama. Aliandika mistari miwili na ilimchukua muda, akawa anasimama, anaendelea.

Yule dada akaangalia ile karatasi, akauliza kwa upole kama ni Kiarabu. Nikamwambia hapana, ni Kiswahili, kinaandikwa hivyo tangu zamani. Akauliza kinasema nini, kama siyo siri.

Nikamwangalia mama. Akasema, "Mwambie."

Jina lenyewe sitaliandika hapa, mama ameniruhusu lile la kwenye kitabu tu, la mtandaoni bado. Lakini nikamsomea yule dada kwa Kifaransa: kwanza jina la mwanamke, halafu, "Alitoka Nyasa. Alifika Kilwa kwa miguu. Mimi ni mjukuu wa binti yake, na huyu mtoto ni mjukuu wangu."

Dada akachukua penseli, akaniomba nirudie jina taratibu, herufi moja moja, aliandike pembeni kwa herufi zao ili wanaokuja wapate kulisoma. Mama akasimama pale pale akimwangalia mpaka alipomaliza.